Nyimbo za Usiku wa Hofu: Milano, Mwaka 386



Alhamisi ya juma lililopita, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alitungoja mlangoni hadi wenzake walipokwisha kuaga. Mwanawe wa pili amelazwa hospitali, na siku ile ilikuwa ya kumi na mbili. Akasema: "Padre, kila mara mwatuhimiza tumsifu Mungu wakati wa hofu. Mimi jioni nikitoka wodini huwakusanya wadogo zake ili tusali, lakini wimbo haunitoki. Nikiulazimisha, najiona mnafiki. Kuimba huku mtu anatetemeka, si kujidanganya?" Tulimjibu maneno machache ya haraka, kwa kuwa giza lilikuwa limekwisha kuingia, na njiani tulipokuwa tukirudi tukatambua kwamba hatukumjibu hata kidogo. Tulikuwa tumemwahidi kulirudia swali lake katika tafakari ya juma hili, na ahadi ni deni. Tumeona heri tulilipe kwa historia kuliko kwa mawaidha, maana mawaidha mama huyu ameyasikia ya kutosha, na swali lake si geni katika Kanisa. Kuna mji mzima uliowahi kukesha nalo.

Huenda wengi wenu mnatazamia tuanze na mfalme Yehoshafati. Naam, kifungu hicho twakijua, nacho ni Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 20. Moabu na Amoni wamekwisha kufika En-gedi, mfalme ameshikwa na hofu, watu wanafunga, kisha waimbaji wanatangulizwa mbele ya jeshi. Wahubiri hupenda kukimbilia ushindi. Sisi twamwomba msomaji arudi nyuma aya chache, awatazame waliosimama mbele ya Bwana kabla ya wimbo wowote kuimbwa. Mwandishi anawataja watu wa Yuda pamoja na watoto wao wachanga, wake zao na wana wao. Na mbele ya watoto hao mfalme anakiri katika sala yake kwamba hawana nguvu, wala hawajui la kufanya. Hofu ilitajwa kwanza kwa jina lake, tena watoto wakisikia. Sifa ikafuata. Tuliweke hilo akilini, kisha twende Milano.

Mwaka 386 kaizari wa Italia alikaa Milano, si Roma. Kaizari mwenyewe, Valentinianus wa Pili, alikuwa kijana wa miaka kama 15, na aliyeongoza mambo ya ikulu kwa kweli alikuwa mama yake, Justina. Mama huyo aliwaunga mkono Waario, wafuasi wa fundisho la Ario, padre wa Aleksandria, aliyesema kwamba Mwana si Mungu sawa na Baba bali ni kiumbe kilicho juu ya viumbe vyote. Mtaguso wa Nisea ulilikataa fundisho hilo mwaka 325, na ule wa Konstantinopoli ukaithibitisha imani ya Nisea mwaka 381. Lakini fundisho likikataliwa na mtaguso halifi siku hiyo hiyo. Ikuluni walikuwamo maofisa walioshika Uario, na katika jeshi askari wengi wa Kigothi, nao walitaka kanisa la kuadhimishia Pasaka.

Askofu wa mji alikuwa Ambrosi. Alizaliwa Trier katika nyumba ya mtawala mkuu wa Galia, naye mwenyewe alikuwa gavana kabla ya kuwa askofu. Alipochaguliwa mwaka 374 alikuwa bado mkatekumeni, hata ikabidi abatizwe na kuwekwa wakfu katika muda wa siku chache. Kuna jambo moja ambalo vitabu vidogo vya maisha ya watakatifu huliruka. Ambrosi na Justina hawakuanza kama maadui. Mwaka 383 Gratianus, kaka wa kambo wa Valentinianus, alipouawa na Maximus akaishika Galia, aliyetumwa kuwa balozi ili kumnusuru mtoto yule alikuwa Ambrosi. Mwenyewe alikumbusha baadaye kwamba alimpokea mtoto kutoka mikononi mwa mama yake. Mjane mwenye hofu alimkabidhi askofu mwanawe, na haikupita miaka mitatu mjane yuleyule akawaelekeza askari kwenye mlango wa kanisa la askofu huyo. Tunamtaja kwa sababu hadithi hii ina mama wawili walioogopa kwa ajili ya wana wao, na Justina ni wa kwanza. Wa pili tutamfikia.

Mgogoro ulianza mwaka 385, ikulu ilipodai basilika ya Portiana, iliyokuwa nje ya kuta za mji. Ambrosi alikataa. Tarehe 23 Januari 386 ikatoka sheria iliyowapa Waario haki ya kukusanyika na kuwatishia adhabu ya kifo wale watakaowazuia. Pasaka ilipokaribia madai yakarudi, safari hii kwa nguvu zaidi. Mengi tunayoyajua yamo katika barua ambayo Ambrosi alimwandikia dada yake Marcellina, bikira aliyekuwa amewekwa wakfu kwa Mungu. Wanahistoria wamebishana kama barua hiyo inazungumzia Pasaka ya 385 au ya 386. Wengi wanaiweka katika Juma Kuu la 386, nasi tunawafuata.

Ni barua ya kaka kwa dada, na kwa hiyo imejaa mambo madogo ambayo taarifa ya serikali isingeyaandika. Wafanyabiashara wa mji walitozwa faini ya ratili 200 za dhahabu, zilipwe katika siku tatu, na gereza likajaa watu katika siku takatifu ambazo kwa desturi wafungwa walifunguliwa. Walijibu kwamba wangetoa kiasi hicho tena, mradi tu waachwe na imani yao. Askari walipoingia kanisani wanawake walishtuka, hata mmoja akatoka mbio. Lakini wale askari wakasema kwamba wamekuja kusali, hawakuja kupigana. Katika basilika iliyodaiwa yalikuwa yametundikwa mapazia ya kifalme kuonyesha kwamba jengo sasa ni mali ya kaizari. Watoto wakayachana katika michezo yao. Hebu fikirini: mji mzima unangoja damu, askofu hajui kama atalala gerezani au kaburini, nao watoto wamechoka kukaa kimya wameanza kuning'inia kwenye mapazia ya kaizari. Kila mzazi aliyewahi kuleta watoto kwenye mkesha wa Pasaka anaijua hali hiyo vizuri.

Usiku mmoja Ambrosi hakuweza kurudi nyumbani, kwa sababu askari walikuwa wamelizunguka kanisa. Akabaki ndani pamoja na ndugu, wakiimba zaburi katika basilika ndogo. Alhamisi Kuu, somo lilipokuwa Kitabu cha Yona, habari ikafika kwamba kaizari ameamuru askari waondoke na wafanyabiashara warudishiwe fedha zao. Askari wenyewe walikimbilia altare na kuzibusu kuwa ishara ya amani.

Hivyo ndivyo askofu alivyoandika. Shahidi wetu wa pili ni mtu aliyekuwa mjini humo humo lakini hakuwa kanisani. Augustino alifika Milano mwaka 384 kuwa mwalimu wa usemaji, kazi ya heshima na mshahara mnono, na wakati huo alikuwa na wasiwasi juu ya kila kitu, imani ikiwa mojawapo. Katika kitabu cha tisa cha Maungamo yake, aliyoyaandika yapata miaka kumi na zaidi baadaye, anakumbuka kwamba watu wacha Mungu walikesha kanisani, tayari kufa pamoja na askofu wao, na kwamba mama yake alikuwa wa mbele katika mahangaiko hayo na katika mikesha hiyo. Yeye mwenyewe, anakiri, alikuwa bado baridi rohoni, ingawa fadhaa ya mji ilimgusa.

Mama huyo ndiye Monika, na ni Mwafrika mwenzetu. Nyumba yake ilikuwa Tagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras katika Aljeria. (Tusisahau kwamba Mapadre Weupe, ambao msafara wao wa kwanza ulipita Bagamoyo mwaka 1878 ukielekea bara, walianzishwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Imani iliyofika Tabora na Ujiji ilipitia nchi ya Monika.) Alikuwa mjane, na mwaka 385 alivuka bahari kumfuata mwanawe. Bahari ilichafuka, na ingawa kwa kawaida mabaharia ndio huwatuliza abiria, safari ile abiria mmoja, mama wa makamo, ndiye aliyewatuliza mabaharia. Hatutaki kumfanya kuwa mtu asiyejua hofu. Mama aliyelia kwa ajili ya mwanawe kwa miaka mingi kama yeye aliijua hofu kuliko wengi wetu. Aliogopa, akafanya jambo fulani na hofu yake.

Sasa tufike kwenye kiini. Augustino anasema kwamba katika siku zile za kuzingirwa ndipo ilipowekwa desturi ya watu wote kuimba zaburi na tenzi, kwa namna ya makanisa ya Mashariki, ili watu wasinyong'onyee kwa kuchoshwa na majonzi. Anaongeza kwamba desturi hiyo ilidumu, na makanisa karibu yote ya dunia yakaiiga. Tafakarini sababu aliyoitoa. Hasemi kwamba waliimba ili askari waondoke. Hasemi hata kwamba waliimba ili hofu iondoke. Kilichoogopwa ni uchovu: usiku ni mrefu, milango imefungwa, watoto wanalia njaa, habari haziji, na moyo wa mtu ukiachwa peke yake na wazo moja huzunguka nalo kama ng'ombe anayezungushwa kinuni hadi unaisha nguvu. Mama anayeketi kwenye benchi la wodi anaujua uchovu huo. Si maumivu makali. Ni kule kungoja.

Nao wimbo ulipangwa uendane na kungoja kule. Kuimba kwa namna ya Mashariki, jinsi kulivyoelezwa na waandishi wa kale, kulikuwa kuimba kwa kupokezana: upande mmoja wa kanisa unaimba, upande wa pili unaitikia. Aliyechoka hupumzika wakati mwenzake anaimba. Aliyesahau hukumbushwa. Anayetetemeka husikia sauti ambayo si yake ikilisema lile ambalo yeye hawezi kulisema, kisha zamu yake inafika, naye amekwisha kupata pumzi.

Ambrosi alitunga tenzi zake mwenyewe kwa kazi hiyo. Nne kati yake wataalamu wanakubaliana kwamba ni zake bila shaka, kwa kuwa Augustino anazishuhudia. Jambo lililotufurahisha tulipozisoma seminarini, na ambalo hatukulisikia kwa mwalimu yeyote, ni umbo lake: kila ubeti una mistari minne, na kila mstari una silabi nane. Mswahili yeyote aliyelelewa na tenzi za pwani atacheka, maana hicho ni kipimo chetu cha utenzi, mizani nane na vipande vinne, ingawa Ambrosi hakutumia vina kama watunzi wetu. Beti ni nane tu kwa kila utenzi wake. Ni kipimo chepesi, kinachoingia katika pumzi moja ya mtu wa kawaida. Bibi asiyejua kusoma na mtoto wa miaka sita wanaweza kukishika usiku mmoja. Askofu aliyekuwa gavana, msomi wa Kilatini na Kigiriki, angeweza kuandika kwa namna ngumu zaidi. Hakufanya hivyo.

Wala hakuwa wa kwanza kujua nguvu ya wimbo mwepesi. Ario mwenyewe, yasemekana, aliwatungia nyimbo mabaharia, watu wa kinuni na wasafiri, hivyo fundisho lake likaenea bandarini watu wakifanya kazi. Huko Edessa, Mtakatifu Efremu, aliyefariki mwaka 373, aliwafundisha wanawake kuimba tenzi za imani ya kweli ili kuzijibu nyimbo za wazushi. Walimu wetu wa kwaya wanaochagua nyimbo kwa kuangalia midundo peke yake wangefanya vema kuisoma historia hiyo polepole.

Adui zake walimshtaki Ambrosi kwamba amewapumbaza watu kwa uganga wa nyimbo zake. Katika hotuba yake dhidi ya askofu wa Waario, Auxentius, hakukana. Alikiri kwamba ni uganga mkubwa kweli, tena hakuna ulio mkubwa zaidi, kwa maana ni kuungama Utatu Mtakatifu kila siku kwa kinywa cha watu wote, na hivyo wale ambao jana hawakutosha kuwa wanafunzi leo wamekuwa walimu. Jibu hilo lina kicheko ndani yake, na sisi twalipenda. Lakini ni lazima tuliangalie kwa uangalifu, kwa sababu katika siku zetu wako wanaolichukua neno la adui bila kicheko. Wapo wanaowaambia waamini kwamba sifa zikipigwa kwa sauti ya kutosha na kwa saa za kutosha Mungu hulazimika, ugonjwa hutoka, kazi hupatikana, visa hutolewa. Huko ni kumvalisha Mungu hirizi. Na familia iliyofundishwa hivyo, mgonjwa wao akifa, hubaki na majeraha mawili: msiba wenyewe, na dhamira inayowaambia kwamba hawakuimba vya kutosha. Tumezika watu katika nyumba za namna hiyo. Hatuna hasira na nyumba hizo. Hasira yetu iko kwingine.

Basi mama wa wodini ana haki ya kuuliza. Kama wimbo haulazimishi chochote, unafanya nini? Hapo inatubidi tutoke kanisani tuingie nyumbani, kwa sababu Monika alitoka nao.

Agosti 386 Augustino aliongoka. Katika majira ya vuli aliiacha kazi yake na kwenda kukaa katika nyumba ya shamba, mahali paitwapo Cassiciacum, pamoja na mama yake, mwanawe Adeodatus, kaka yake Navigius, rafiki yake Alypius na vijana wawili aliokuwa akiwafundisha. Monika alisimamia nyumba. Mazungumzo yao yaliandikwa, nayo ni marefu na mazito. Ndani yake kuna visa viwili vinavyohusu wimbo. Cha kwanza: siku ya kuzaliwa kwake Augustino waliongea kwa siku tatu juu ya heri ya kweli, na mwisho wa hoja zote, msomi alipokuwa amemaliza, Monika alitoa kwa furaha mstari wa mwisho wa utenzi wa jioni wa Ambrosi. Ulikuwa tayari kinywani. Aliupata katika mikesha ya hofu, na sasa ulitoka mezani, katika siku ya amani.

Kisa cha pili si cha mezani. Kijana Licentius alikuwa amejifunza karibuni namna mpya ya kuimba aya ya zaburi, naye aliipenda mno, akaiimba kila mahali. Jioni moja aliingia nayo msalani, akaiimba humo kwa sauti kubwa. Monika akamkemea, kwamba mahali pale hapafai kwa maneno kama yale. Kijana akamjibu kwa utani: je, kama adui angenifungia humu, Mungu asingeisikia sauti yangu? Twakiri kwamba tulicheka sana tuliposoma habari hii mara ya kwanza. Tunamheshimu mama Monika, lakini kijana naye alikuwa na hoja. Nyumba ambayo zaburi zimefika hadi msalani ni nyumba ambayo zaburi zimekwisha kuwa za nyumbani. Ambrosi mwenyewe, akifafanua zaburi ya kwanza, aliisifu zaburi kuwa huimbwa nyumbani na kurudiwa njiani, nayo hujifunzwa bila taabu na kutunzwa kwa raha. Familia inayongoja hofu ifike ndipo itafute wimbo itafanana na mtu anayechimba kisima nyumba inapowaka moto.

Augustino, Adeodatus na Alypius walibatizwa na Ambrosi katika mkesha wa Pasaka, usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Aprili 387. Hadithi isemayo kwamba Ambrosi na Augustino walitunga wimbo wa Te Deum kwa kupokezana usiku ule ni nzuri, lakini ni hadithi tu. Alichokiandika Augustino ni kidogo zaidi na ni cha kuaminika zaidi: alilia alipozisikia tenzi za kanisa lile.

Miezi michache baadaye walikuwa Ostia, bandari ya Roma, wakingoja meli ya kurudi Afrika. Monika akashikwa na homa, na siku ya tisa ya ugonjwa akafariki. Alikuwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake, naye Augustino katika mwaka wake wa 33. Augustino akamfumba macho. Adeodatus, mjukuu, akapasua kilio, na watu wazima wakamtuliza hadi akanyamaza. Kisha Evodius, mtu wa Tagaste kama wao, akaichukua zaburi, akaanza kuimba ile ya 101, na nyumba yote ikamwitikia.

Twamwomba msomaji asipite hapa haraka. Aliyeanzisha wimbo hakuwa mwana wa marehemu. Hakuwa mjukuu. Alikuwa rafiki na mwananchi mwenzao, mtu ambaye msiba ulimgusa lakini haukumziba koo. Wenye nyumba waliitikia tu. Ndiyo desturi ileile ya Milano, upande mmoja ukiwa umechoka mwingine unaimba, imefika sasa katika chumba cha maiti.

Lakini Augustino anatueleza pia kosa lake, na kwa hilo tunamshukuru kuliko kwa mengine. Alidhani kwamba kwa kuwa mama yake amekufa katika imani, na kwa kuwa zaburi imeimbwa, haimfai yeye kulia. Akajizuia kwa nguvu siku nzima. Alikwenda mazikoni macho makavu, akarudi macho makavu. Alikwenda kuoga, akiwa amesikia kwamba kuoga huondoa huzuni rohoni, akatoka bafuni na huzuni yake kama alivyoingia. Usiku akalala. Alipoamka, peke yake kitandani, zilimjia beti za Ambrosi, utenzi uleule wa jioni ambao mama yake aliutoa mezani kule Cassiciacum. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na machozi aliyoyazuia yakatoka yalivyotaka. Wimbo haukuja kuyafuta. Wimbo ndio uliyoyatoa.

Augustino hakuacha kuwa na mashaka juu ya muziki. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anajiuliza kama raha ya sauti haimpiti katika maana ya maneno, na anataja kwamba Atanasi wa Aleksandria alimtaka msomaji aimbe zaburi kwa sauti iliyokaribia kusema. Mwishowe alikubali kwamba kuimba kubaki katika Kanisa, akikumbuka machozi yake ya siku za kwanza. Twamwelewa. Kuna Dominika ambazo vipaza sauti vyetu vyenyewe hutufanya tumwelewe Atanasi.

Kwa hiyo, mama yetu, hatutakuambia kwamba huo ni unafiki. Mnafiki ni yule anayeimba ili watoto wasijue kwamba anaogopa. Waambie. Yehoshafati aliwaambia. Na kama koo limeziba, usilifungue kwa nguvu; mpe mtoto mkubwa aanzishe, au mwite jirani wa jumuiya, nawe ukae upande wa pili, uitikie unapoweza. Jumuiya zetu zina desturi ya kwenda penye msiba na kuimba hadi usiku wa manane. Tumekuwa tukiingoja maiti kwanza. Katika siku kumi na mbili za wodini hakuna aliyekwenda jioni katika nyumba ile kuwaanzishia wale wadogo wimbo, na lawama hiyo ni yetu pamoja na viongozi wa jumuiya, si ya mama.

Jumatano tulimtembelea hospitali. Mtoto bado amelazwa. Madaktari wanasema tungoje. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, amechoka, hakusema mengi. Katika kitanda cha pili kulikuwa na bibi mmoja anayemuuguza mjukuu wake, si wa parokia yetu, wala hatujui kama ni wa kanisa letu. Alikuwa akimpepea mtoto kwa upande wa kanga, akiimba chini chini wimbo wa Bikira Maria ambao wengi wetu tuliujua tukiwa wadogo. Alipofika kwenye kiitikio, mama akaitikia.